Upande wa Ndani wa Kikwembe

Rubaya, Siku ya Mungu, tarehe 13 Februari 2022

Kwako Léontine, bibi yangu,

Ninakusalimia sana, wewe na mutoto aliye mu tumbo. Mimi niko muzima. Mikono njo inauma, lakini muchimbaji ambaye mikono haimuumi ni kusema hachimbi.

Usishangae kupata barua. Telefoni yangu imeanguka mu maji tunamosafishia mchanga wa madini. Nimeiweka mu mchele siku tatu. Mchele tumekula, telefoni haikuamka. Tena antena ya hapo Kashebere nayo wanasema imekufa tangu mwaka mupya. Basi Papa Jacques, ule muchuruzi wa Butembo mwenye duka, ile magazini hapo karibu na barabara, amekubali kubeba barua zetu. Anakujaka huku na mawese, anarudi hapo kwetu na maharagi na fromage, ile jibini. Umupe chai akifika.

Sasa sikia vizuri. Mwenzangu wa shimo anaitwa Muhawenimana, ni muntu wa Nyamitaba. Miaka tisa anachimba hajapata hata mukwaruzo. Nimemuuliza siri. Akacheka, akasema siri iko kwa bibi yake Drocella. Siku bwana anatoka nyumbani, Drocella anageuza kikwembe yake, kitenge ya kujifunga, upande wa ndani inakuwa inje, na anavaa hivyo mupaka bwana arudi. Nikauliza sababu. Akasema sababu hajui, njo mama yake alivyofundisha, na iko inatumika, inalinda.

Léontine, shimo yetu inaingia mu mulima hatua makumi sita, na fasi ya mwisho tunalala ku tumbo. Nakuomba na wewe geuza. Ile kikwembe ya maua mekundu niliyokuachia. Geuza siku ile utapata barua hii, na usicheke.

Bwana yako,
Omer

~

Kashebere, tarehe 27 Februari 2022

Kwako Omer, bwana yangu muchimbaji,

Umesema nisicheke. Nimecheka mara mbili, halafu nimegeuza.

Upande wa ndani maua yote inaonekana kama imefuliwa miaka kumi. Lakini mimi sina neno. Kwetu kule mu pori ya Walikale, muntu akivaa nguo kinyume bila kujua wanasemaka: wewe leo utakula nyama. Basi nimetembea na kikwembe yangu ya kugeuza nikingoja nyama. Nyama haikuja. Lakini, wee Omer, mambo mengine imekuja!

Unajua miezi tatu niliyokaa hapa kwenu watu walikuwa wananiita "ule mugeni wa Omer". Sasa wamenipenda ghafla. Siku ya kwanza nilipoenda kuchota maji, wamama wote waliniachia njia nichote wa kwanza. Mama moja muzee alinishika mukono, akaanza kulia. Nikamuuliza iko nini. Akasema, "Wakati yako ikifika utasema." Wakati gani? Jioni wakaniletea ndizi, mihogo, na kuni zilizokwisha kupasuliwa. Vijana wa jirani wamenifagilia kiwanja. Nikifika fasi wanaongea, wananyamaza. Nimejiangalia kama nimeota pembe.

Na kaka yako mukubwa Noël! Kumbe ana roho nzuri hivi na haukuniambia? Amekuja kuziba paa ilipokuwa inavuja. Halafu ameenda kwa shamba yetu ya mawese, amepima na kamba, upande hadi upande. Ameniambia, "Shemeji, usiogope, hautabaki peke yako." Nikamuambia aksanti sana. Ila bibi yake Nicole hanisalimii tena. Sijui nimemukosea nini.

Mutoto anapiga teke, zaidi nikikaa kanisani. Mwambie Muhawenimana kikwembe ya kwake inatumika mupaka ku paa ya nyumba.

Bibi yako,
Léontine

~

Rubaya, Siku ya Mungu, tarehe 6 Machi 2022

Léontine!

Geuza! Ukifika hapa mu barua simama, ingia mu nyumba, geuza kikwembe, halafu rudi usome yaliyobaki.

Umegeuza? Aya. Sikia. Hapo kwetu mwanamuke akivaa kikwembe upande wa ndani inje, njo kusema bwana yake amekufa. Na mufiwa hawamuulizaka. Ni haya kubwa kumuuliza. Wanamusaidia kimya na wanangoja aseme yeye mwenyewe, hata miezi mbili. Njo maana ya ndizi. Njo maana ya kuni. Mimi nimekufa, Léontine! Nimekufa tangu mwezi ya pili na hakuna aliyenijulisha.

Na Noël hatengenezi paa ya muntu bure. Bwana akikufa, kaka yake anachukua shamba, na anachukua bibi, na mutoto wa tumbo anahesabiwa wa kwake. Ile kamba ulimuambia "aksanti" alikuwa anapima urithi. Nicole anakuona wewe ni bibi wa pili wa bwana yake, atakusalimia namna gani?

Utaniuliza kama nilijua. Nilijua, nimezaliwa hapo. Lakini mimi nilifikiri utavaa hivyo mu nyumba tu. Mulima inaona hata mu nyumba. Sikufikiri utaenda kuchota maji na watu wakuone. Na wewe nawe, wamama wanakulilia, unasema wamekupenda? Noël alipokuwa anaziba paa, alikula kwako? Sijakuwa na mawazo mabaya, nauliza tu.

Omer

Ngoja. Nimemusomea Muhawenimana barua hii na ameshika kichwa. Anasema kikwembe ikisha kugeuzwa, ni hatari kuirudisha siku bwana yuko chini mu shimo. Basi USIGEUZE. Kama umegeuza pale juu, rudisha ilivyokuwa. Ngoja Siku ya Mungu, siku hiyo hatushuki, saa ya misa njo utageuza. Pole kwa kusumbua. Hata mimi kichwa inazunguka.

~

Kashebere, tarehe 21 Machi 2022

Omer,

Barua yako imefika siku ya Tano, Ijumaa. Nimegeuza, nimesoma, nimerudisha. Vyote mbele ya Papa Jacques aliyekuwa anangoja chai. Amekunywa haraka na kuondoka.

"Mu nyumba." Barua yako ya kwanza nimesoma mara nne, nimeiweka ku jua nione kama kuko neno limejificha. Haukuandika "mu nyumba". Umeandika geuza na usicheke. Nani anavaaka kikwembe ya mu nyumba tu? Maji iko mu nyumba? Shamba iko mu nyumba? Na unaniuliza kama Noël amekula kwangu. Amekula, ndiyo. Amekula sombe na ugali, na mimi nimemutilia mara ya pili, sababu nilifikiri ni shemeji mwenye huruma! Ungeniambia desturi ya kwenu ningemutilia maji ya moto.

Jana nimefanya ulivyosema. Saa ya misa nimevaa maua inje, mekundu kabisa, nimeingia kanisani. Omer, hata katekista ameacha kusoma. Kumbe kwenu mujane anayegeuza kikwembe kabla watu hawajamaliza matanga, njo kusema amekwisha kupata mwanaume! Nikasimama palepale, nikasema, "Bwana yangu ni muzima! Iko Rubaya, anachimba!" Wakaniangalia na huruma kuliko mwanzo. Ule mama muzee akanikalisha chini polepole, akasema, "Wote tunasemaka hivyo mwanzoni, mutoto yangu."

Nimewaonyesha barua zako. Noël akasema barua haina uso, hata yeye anaweza kutafuta mwanafunzi amuandikie barua ya marehemu baba yenu. Akasimama mbele ya wazee wa jamaa, akasema: kama Omer ni muzima, aje mwenyewe kwa miguu yake kabla ya Siku ya Matawi. Kama hakuja, siku hiyo wanafunga matanga, na mimi na shamba na tumbo tunaenda kwa Noël. Wazee wamekubali. Ni tarehe kumi ya mwezi ujao.

Sitaki kuwa bibi wa Noël. Naandika wazi ili kesho usiseme haukujua.

Mama Elisabeth, bibi ya Papa Jacques, njo muntu moja tu hapa anaongea na mimi sawa na muntu. Ameniambia Butembo hawana mambo haya. Ameniazima kikwembe yake ya wax, ile ya kweli, rangi inapenya pande zote mbili sawasawa, ya samaki wa bluu. Amesema, "Vaa hii, mwanangu, haina ndani wala inje. Waache wahangaike." Njo nimevaa. Watu wanainama kuangalia pindo, wanashindwa.

Kuja, Omer. Barua imetosha.

Léontine

~

Rubaya, tarehe 28 Machi 2022

Kwako Léontine muzuri,

Nimesoma. Nakuja. Siku ya Kwanza ya wiki, tarehe 4, nitashuka mu centre ya Rubaya asubuhi kutafuta moto, pikipiki ya kunipeleka Masisi, na kabla ya Siku ya Matawi nitakuwa nimesimama mbele ya Noël na miguu yangu yote mbili. Singoji tena, ila wiki hii moja, sababu tumegusa fasi nyeusi yenye madini mu mulima na wenzangu hawawezi kunitoa mu kikosi katikati ya kazi. Usikasirike. Umekwisha kukasirika, najua.

Kwa Noël, mwambie hivi: kuku ya padri haikukamatwa na mbwa. Tulikuwa wawili tu mu ile jikoni, yeye na mimi, na mimi nilikuwa na miaka tisa. Mwambie yeye njo alikula mapaja yote mbili. Mufu hawezi kujua hiyo.

Baridi ya mulima huku ni kali na mvua haikatiki. Tiriko, ile sweta ya njano uliyonishonea kiraka ya bluu ku kiwiko, Muhawenimana kila asubuhi ananiomba. Nimemukatalia. Nimemuambia ashonewe na Drocella. Akasema Drocella anajua kugeuza tu, kushona hajui. Tumecheka mupaka mwenye shimo ametutukana.

Anakusalimia. Anasema pole, hakujua kikwembe ya kwao itakuletea mashaka hivi. Anataka kukuja kuomba musamaha yeye mwenyewe.

Omer wako

~

Masisi centre, tarehe 4 Aprili 2022

Kwako Elisabeth, bibi yangu,

Fuso imekwama hapa Masisi, matope imefika ku mulango, sijui tutatoka siku gani. Namupa barua hii muntu wa moto.

Leo mchana nilikuwa Rubaya. Mvua imeshusha upande ya mulima, shimo ya kina Omer imefungika. Nilikuwa pale wakitoa watu. Wametoa moja, uso wamefunika na shuka, lakini tiriko ilikuwa inje. Elisabeth, ilikuwa ile ya njano, na kiraka ya bluu ku kiwiko. Kitambaa ya kile kiraka nimekata mimi mwenyewe mu magazini yetu, Léontine alisimama mbele yangu akichagua. Nimeuliza, "Na Omer wa Kashebere?" Wakaniambia kikosi yake yote ilikuwa chini.

Usimuambie mutoto wa watu mupaka nifike. Jambo hili halisemwi na muntu moja. Kama Noël akikuja magazini, usimuambie kabisa. Sali rozari.

Bwana yako,
Jacques

~

Kashebere, tarehe 6 Aprili 2022

Omer,

Sijui naandikia nani. Barua hii sijui nitamupa nani abebe na afikishe wapi. Lakini nimezoea kukuandikia, na nikiacha leo, njo kusema nimekubali.

Mama Elisabeth hajui kuficha. Ameingia kwangu na chumvi ambayo sikuomba, akakaa, akasimama, akakaa. Nikamuambia, "Mama, na wewe umeanza kunifanyia kama watu wa hapa?" Akalia, akanipa barua ya Papa Jacques nisome mwenyewe.

Nimesoma "kiraka ya bluu". Sikulia. Niliona tu uzi niliotumia, ulikuwa mweusi sababu wa bluu uliisha.

Sasa niambie, wewe unayejua mambo ya mulima. Uliniambia nigeuze Siku ya Mungu, nimegeuza Siku ya Mungu. Uliniambia saa ya misa, nimegeuza saa ya misa. Misa ya hapa inakawia kuanza, katekista anaishi mbali. Ni saa ya huko Rubaya nilipaswa kufuata? Ao ni siku ya Tano, nilipogeuza na kurudisha mbele ya Papa Jacques, wewe ukiwa chini? Ni mimi, Omer? Ni mukono yangu hii imefanya?

Na mbele ya hapo kijiji yote ilikulilia nami nikacheka. Nimekula ndizi za kilio yako, Omer, nilizipika na nikasifu!

Leo asubuhi nimesimama na bikwembe mbili ku kitanda. Ya maua na ya samaki. Ya maua nikiivaa ya kugeuza, Noël atasema: mulisikia, amekubali mwenyewe. Nikiivaa sawa, watasema nimefurahi. Ya samaki haisemi kitu, na mimi nataka kusema, lakini sijui kusema nini. Nimebaki mu nyumba mupaka saa sita bila kuvaa hata moja, nimejifunika blanketi.

Ile ya kuku ya padri nilikuwa nimekwisha kumuambia Noël. Aliweka kamba yake chini. Nilifikiri nimeshinda. Halafu akasema labda uliwaambia wenzako kabla haujakufa.

Siku nne zimebaki.

Léontine

~

Nyamitaba, tarehe 7 Aprili 2022

Léontine, Léontine,

Ni mimi. Niko muzima. Soma tena: niko muzima. Kama Papa Jacques amekuambia kitu, hakusema uongo, lakini hakujua. Nimeambiwa alikuwa pale na aliniulizia, wakati mimi sikuwa pale.

Siku ya Kwanza asubuhi nilishuka mu centre kutafuta moto, kama nilivyokuandikia. Ilikuwa inanyesha. Muhawenimana alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikamuambia, "Kamata basi hii tiriko, mimi niko naenda kwa bibi yangu, atanishonea ingine." Akaivaa palepale. Akasema sasa amekuwa bwana ya Léontine, nikamupiga ku bega. Njo neno ya mwisho tuliyoongea, upuuzi hiyo.

Niliporudi kuchukua mizigo yangu mulima ulikuwa umeshuka.

Muhawenimana tumemuleta kwao ku mabega, wanaume sita, njia ya siku moja na nusu mu matope. Jana tumemuzika. Singeweza kumuacha nije kwako kwanza. Najua ni siku ngapi zimebaki, nimezihesabu kila hatua. Kesho saa ya kuku kuwika naondoka. Barua hii nimemupa muntu wa moto anayetangulia, nimemuambia asile wala asinywe mupaka akupe mu mukono.

Nikuambie kitu. Tulipofika, Drocella alikuwa mu shamba, kikwembe ya kugeuza, upande wa ndani inje, kama alivyosema bwana yake. Hajawahi kuirudisha hata siku moja tangu Januari. Hata moja! Alituona na kile tulichobeba. Aliingia mu nyumba, akatoka amevaa kikwembe sawa, maua inje, kama muntu anaenda ku ndoa. Nikafikiri kichwa imeharibika. Jioni nikamuuliza, nimeshindwa kunyamaza. Akaniambia, "Kaka, ile ilikuwa ya kudanganya mulima. Ukigeuza, mulima inafikiri mu nyumba hii imekwisha kuchukua muntu, inapita. Sasa imechukua. Nimudanganye nani tena?"

Basi kumbe ni kitu kimoja, kwao na kwetu! Kugeuza ni kusema bwana amekufa. Wao wanasema kwa mulima, sisi tunasema kwa watu. Na huyu aliyefuata vizuri bila kukosa amefiwa, na wewe uliyegeuza na kurudisha na kucheka, bwana yako njo huyu anaandika. Nimefikiri njia yote, Léontine, sielewi. Usiniulize. Kama ulijilaumu, acha.

Amenirudishia tiriko. Amekwisha kuifua.

Nakuja.
Omer

~

Kashebere, tarehe 24 Aprili 2022

Kwako dada Drocella,

Hatujaonana. Mimi ni Léontine, bibi ya Omer, yule aliyekuletea bwana yako. Papa Jacques atakufikishia barua hii na mufuko moja. Kama kusoma ni shida, yeye atakusomea, ila umuambie asome polepole, anakimbizaka maneno.

Pole, dada. Nimetafuta neno ingine, sikupata.

Omer alifika siku moja kabla ya Siku ya Matawi, saa tisa ya mchana, matope mupaka mu masikio. Alipita katikati ya kijiji. Watu wamefunga milango! Noël alikuwa kwa shamba yetu ya mawese. Alimuangalia mudogo yake, akamugusa kifua, akamugusa tena. Halafu alikunja kamba yake, akaenda kwake. Kesho yake alileta kuku moja. Omer akamuambia, "Hii nayo ni ya padri?" Njo wamecheka, njo wamelia. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nakasirika, na nilikuwa nakufikiri wewe.

Nimekufikiri kila siku. Bwana yako alivaa nguo niliyotia kiraka mimi ili mwili ya bwana yangu isipate baridi. Hapa kwangu walinililia miezi mbili kilio yako. Ndizi nilizokula zilikuwa zako. Zile kuni zilikuwa zako. Nikikaa mbele ya moto najiuliza kama mulima imekosa mulango, na kama ilikosa, mimi nifanye nini, nifurahi? Nafurahi, dada. Nikimuona anakula nafurahi mupaka naona haya. Nikuambie ukweli, sababu wewe hautakubali uongo.

Mu mufuko utapata vitu mbili. Ya kwanza ni tiriko. Omer hawezi kuivaa, na mimi siwezi kuifungia mu sanduku. Ilikuwa imepasuka ku bega, nimeiziba. Bwana yako alikufa nayo, ni ya nyumba yako.

Ya pili ni wax ya samaki. Mama Elisabeth alikuwa ameniazima, nilipomuambia habari yako akasema ipeleke. Iangalie vizuri: haina ndani wala inje. Siku hautaki muntu yeyote asome kitu ku mwili yako, vaa hiyo, uende kuchota maji, urudi. Mimi imenisaidia.

Mimi sasa siihitaji, sababu nataka wasome. Nimekamata ile ya maua mekundu, nimeigeuza tena. Ni kilio ya Muhawenimana. Nimesema nitaivaa hivyo siku saba, mbele ya watu wote, na Omer amekaa mulangoni akiniangalia nikitoka, muzima.

Siku ya kwanza watu waliniachia njia ku maji kama zamani. Nikachota. Nilipoinua ndoo, Nicole, bibi ya Noël, ambaye hajanisalimia tangu Februari, alikuja mbele yangu. Hapa kwao mufiwa hawamuulizaka, dada, ni haya kubwa. Lakini yeye alitua ndoo yangu chini, akaniuliza mbele ya wote, "Mama, safari hii umefiwa na nani?"

Nikamuambia jina la bwana yako. Nikamuambia ni muntu wa Nyamitaba, amechimba miaka tisa, alipenda kucheka. Wamama wakaweka ndoo zao chini, moja moja, wakakaa.

Dada yako,
Léontine